Mkono Uliokataa Kushuka

Inspekta aliinama juu ya mashine ya santuri akapumua, na mkono wa mashine ukasogea. Ulipanda kidogo, ukashuka kidogo, kisha ukatulia hewani. Sindano yake ilikuwa imening'inia juu ya santuri nyeusi kwa nafasi ya unene wa ukucha, haigusi wala haiondoki.

"Afande, huo mkono unaelea," alisema Koplo kutoka mlangoni. Alikuwa pande la mtu, lakini tangu wafike hapo alikuwa ameingiza mguu mmoja tu ndani ya chumba.

"Naona."

"Na vitu havielei bure."

"Ndiyo maana nimeinama, Koplo. Mkono huu ungekuwa umelala chini kama mikono mingine, saa hizi ningekuwa kwangu nakunywa chai."

Kituoni Inspekta walimwita Kupe, zamani nyuma ya mgongo wake na siku hizi hata mbele ya macho yake, kwa sababu aking'ata haachii. Mkuu wa kituo alikuwa ameshaifunga kesi hii kichwani mwake. Mzee wa Santuri, mtangazaji mstaafu wa redio, ameuawa kwenye kiti chake kwa kuzibwa pumzi na mto. Fundi wake wa mashine amekutwa amemwinamia, mikono yote miwili juu ya kifua cha maiti. Kesho asubuhi fundi anapandishwa kizimbani kwa kosa la kuua, na akishapanda huko, kushuka ni majaliwa. Kupe alikuwa ameomba alasiri moja tu ya kupitia upya eneo la tukio. Mkuu alimpa huku akicheka.

Chumba chenyewe kilikuwa hakipendezi. Mzee alikuwa ametundika mablanketi mazito kwenye kuta zote nne, kutoka dari mpaka sakafu, ili mwangwi usimharibie wimbo. Dirisha lilikuwa limepigwa misumari. Ukisema neno humo ndani lilidondoka palepale mdomoni, na ukinyamaza ulisikia damu yako mwenyewe masikioni. Kiti kilikuwa kimoja, kimetazama spika mbili ndefu. Mtu mwingine hakutarajiwa kuketi humo.

Kupe hakugusa kitu. Alizunguka mashine, akapiga magoti, akaangalia nyuma ya mkono, mahali palipofungwa kipande kizito cha chuma. Juu ya chuma hicho palibandikwa utepe wa karatasi, umeshika chuma na mkono kwa pamoja. Aliumulika kwa tochi kutoka upande huu na upande ule. Utepe ulikuwa umenyooka, haujakunjamana wala kuchanika popote.

"Tulipofika siku ile, sahani ya santuri ilikuwa inazunguka?" aliuliza.

"Inazunguka, afande. Mimi ndiye niliyezima. Mkono ulikuwa hivyohivyo juu juu. Nikadhani ndivyo mashine zao zilivyo."

"Na mimi nilidhani hivyohivyo," alisema Kupe, akajichukia kidogo kwa kulisema.

*

Dada wa marehemu, ambaye nyumba nzima ilimwita Shangazi, alikuwa barazani na kanga mabegani, amekaa na mkwe wa marehemu. Mkwe alikuwa mwanamume mwembamba wa kushika simu, akiiweka chini mkono wake haujui pa kwenda. Binti wa marehemu, mke wa huyo Mkwe, ndiye aliyewafungulia geti. Aliwakaribisha kwa sauti ya chini mno, ya kunong'ona, kisha akarudi jikoni.

"Shangazi, nisimulie tena jioni ile," alisema Kupe akivuta kiti. "Nifanye mimi mgeni nisiyejua kitu."

"Jamani mwanangu, mdomo umeshaota sugu. Fundi alikuja mchana, akaiwekea mashine kichwa kipya cha sindano. Akaondoka jua likiwa bado juu. Mimi na Mkwe tukakaa hapa hapa. Jua likazama, wifi yangu akaimba."

"Santuri ikaimba."

"Humu ndani ndivyo tunavyosema, wifi akaimba. Ni sauti yake. Kaka alimpeleka redioni mtoto akiwa bado ananyonya, akamrekodi ule wimbo wake wa kumbembelezea, bila ngoma, bila zeze, sauti tupu. Santuri ikatengenezwa moja tu. Wifi alifariki mtoto anaanza shule. Tangu hapo, jua likizama, anaimba mara moja, kaka anatoka, tunakula."

"Na jioni ile?"

"Aliimba, lakini kaka hakutoka. Wimbo ulipoisha, huyo fundi akaja mbio kutoka getini, katupita hapa bila hata salamu, kaingia, mlango ukajifunga nyuma yake. Tukangoja weee. Kimya. Mkwe akaenda kutazama, akamkuta juu ya kaka." Shangazi akajifuta macho. "Kama kaka alikuwa anasikiliza santuri, si alikuwa hai? Na aliyeingia baada ya santuri ni nani?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kamba shingoni mwa fundi, na ilikuwa imesokotwa vizuri. Kupe aliivuta taratibu.

"Wimbo ulisikikaje siku hiyo?"

"Vizuri kuliko siku zote! Ile mikwaruzo yake, ile kwa-kwa-kwa, hakuna. Hata nikamwambia Mkwe, naam, kichwa kipya kimefanya kazi. Sivyo, baba?"

"Ndivyo," alisema Mkwe akitazama simu yake.

Kupe naye akaitazama simu hiyo. "Bwana, wimbo huo upo mahali pengine popote nje ya santuri?"

Mkwe aliigeuza simu kifudifudi pajani. Shangazi akamgeukia, na Koplo, aliyekuwa amesimama kando, akajisogeza.

"Nilirekodi kwa siri," alisema Mkwe hatimaye. "Zamani. Mzee alikuwa hataki mtu anakili. Lakini mimi nilijua santuri ni kitu cha kuvunjika, siku ikivunjika mke wangu atabaki na nini?"

Koplo alikuwa ameshaikodolea macho simu hiyo. Kupe alijua anachofikiri, kwa kuwa na yeye alikifikiri: simu nyuma ya blanketi, wimbo unajipiga, mwenye simu amekaa barazani anahesabika kuwa hana hatia.

"Piga."

Mkwe akapiga. Simu ilitoa mkwaruzo mrefu, kisha sauti ya mwanamke, ya juu na ya polepole, isiyo na haraka yoyote duniani. Mbwa wa jirani aliyekuwa akibweka alinyamaza.

*Lala mwana, lala mwana, komeo nimeshatia,*
*Mgeni yu barazani, hodi anatubishia...*

Kwa-kwa. Sauti ikaruka.

*Ni mimi tu ninajua, wapi ulipolalia.*

Koplo alikuwa amejikumbatia mikono. "Huo ndio wimbo wa kumlazia mtoto?"

"Shangazi, ndivyo mlivyousikia jioni ile?" aliuliza Kupe.

"Hata kidogo! Huo mchafu. Na sisi hatukuusikia kwenye simu, tuliusikia umejaa nyumba. Halafu simu yake alikuwa ameishika mkononi anatazama mpira, mimi nilimgombeza."

Kupe akaitikia kwa kichwa. Njia hiyo ilikuwa imefika ukutani. "Pale paliporuka pana nini?"

"Mstari umekufa," alisema Mkwe. "Huruka pale miaka yote. Mzee ndiyo ilikuwa homa yake. Fundi alimletea vichwa viwili achague. Kimoja kina sindano ya mviringo, hupita juu juu ya mfereji wa santuri, hakichokozi kitu, na fundi alimshauri achukue hicho. Kingine sindano yake nyembamba mno, hushuka mpaka chini kabisa ya mfereji. Mzee akachukua hiyo nyembamba. Alisema mstari haujafa, umezama tu."

Kupe akamtuma Koplo garini amlete fundi, waliyekuja naye kutoka mahabusu.

*

Fundi alikuja na pingu mikononi, macho yamemtumbukia kwa kukosa usingizi. Siku zote alizokaa mahabusu alikuwa amesema maneno manne tu, na maneno hayo yalikuwa ndani ya faili: *Ile haikuwa mashine ile.* Alipofika kwenye mlango wa chumba alisimama pamoja na Koplo, na haikujulikana nani anamshika mwenziwe.

"Ingia, fundi. Nifundishe," alisema Kupe. "Mkono huu mbona hautui?"

Swali la kazi lilimwamsha. Alisogea hatua mbili. "Sikuumaliza. Ukifunga kichwa kipya, kwanza unausawazisha mkono mpaka uelee wenyewe. Mbele usiwe mzito, nyuma usiwe mzito. Ndipo unapozungusha lile jiwe la nyuma, hicho chuma kizito, unaipa sindano uzito wake wa kukanyagia. Ukizidisha, sindano nyembamba kama hii inalima santuri. Na santuri yenyewe ni moja duniani. Kwa hiyo inatakiwa mizani ndogo, na mizani nilikuwa nimeisahau karakana."

"Utepe je?"

"Mzee mwenyewe ndiye aliyeniambia niubandike. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Alisema, nizuie, fundi, jua likizama nitashindwa kuvumilia."

Koplo alikohoa. "Afande, si angeweza kuubandua, akapiga, halafu huyu akaubandika tena?"

"Utazame. Karatasi ikibanduliwa hurudi na makunyanzi. Huo haujaguswa." Kupe alimgeukia fundi. "Kwa hiyo jioni ile mashine hii ingeweza kuimba?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Lakini iliimba. Watu wawili wamesikia."

"Watatu," alisema fundi kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nimefika getini na mizani mkononi. Nikamsikia. Nikasema labda mzee kalizungusha lile jiwe, ataiharibu santuri. Nikasimama nisikilize inakwaruza wapi. Haikwaruzi. Ikafika pale inaporuka." Akaitazama santuri.

"Ikaruka?"

"Haikuruka, afande. Akauimba. Mstari ambao haupo. Mimi santuri hiyo nimeipiga mara chungu nzima, hapo hakuna neno, kuna shimo. Akaliimba shimo." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakujaribu kuyafuta. "Ulipoisha nikakimbia ndani. Mzee amelegea, nikawa nambonyeza kifua arudi. Ningesema nini kituoni? Kwamba marehemu mke wake alikuja kuimba? Mngenipeleka kwa wendawazimu. Yule alikuwa mwenyewe."

Koplo alitoa mguu wake nje ya kizingiti.

Kupe alihisi baridi ikimpanda mgongoni, na hakuona aibu. Chumba hicho kilistahili. Lakini kupe haogopi, kupe hutafuta damu ilipo. Kama mashine haikuimba na simu haikuimba, basi palikuwa na koo. Na aliyefariki hana koo.

"Mfungue pingu," alimwambia Koplo. "Mpe mizani yake iliyo kwenye mfuko wa vielelezo. Fundi, maliza kazi yako."

Pingu zikawekwa juu ya spika. Fundi alisugua vifundo vya mikono yake, akapiga magoti mbele ya mashine. Alibandua utepe. Alizungusha jiwe kidogo, akashusha sindano juu ya mizani, akasoma, akazungusha tena. Aliweka kadi yenye mistari juu ya sahani, akachungulia kwa jicho moja kama kichwa kimenyooka, akalegeza skrubu, akakisukuma kwa ncha ya kucha, akaikaza. Alitazama kutoka mbele kama sindano imesimama wima. Kwa mara ya kwanza siku hiyo mkono wa mashine ulikuwa na uzito, ukajilaza mahali pake bila kuelea. Kupe alipata nafuu kuuona.

"Koplo, niitie watu wa nyumba."

Shangazi na Mkwe waliingia kwa mlango wa barazani, wakasimama karibu karibu. Mkwe akapaza sauti kumwita mkewe. Sauti ilikufa kwenye mablanketi.

Kisha blanketi la ukuta wa pili likafura katikati.

Koplo alitoa yowe la mtoto. Blanketi lilijiinua kutoka chini, mkono ukatokea, kisha bega, kisha Binti mzima akiwa na sinia la chai. Nyuma yake ulionekana mlango mdogo ulio wazi, na harufu ya jiko.

"Mlango huo," alisema Kupe polepole, "haumo kwenye mchoro wetu."

"Wa jikoni huo," alisema Mkwe. "Mzee aliufunika kwa ajili ya mwangwi. Sisi tumeshauzoea. Tulidhani mmeuona."

"Na jioni ile mkeo alikuwa wapi?"

"Jikoni," alisema Mkwe, na uso wake ukabadilika kabla hajamaliza neno.

Binti alikuwa amesimama na sinia lake, hasogei. Kwenye ufa wa dirisha nuru ilikuwa imegeuka ya machungwa. Kupe akampa fundi ishara.

Sindano ilishuka. Kulikuwa na mkwaruzo, mrefu na mchafu, ingawa kichwa kilikuwa kipya, kisha mwanamke aliyekufa akajaa chumbani. Simu haikuwa imesema hata robo yake. Alikuwa pale, kati ya spika mbili, kwenye urefu wa mtu aliyesimama, na ulimsikia akivuta pumzi.

*Lala mwana, lala mwana, komeo nimeshatia,*
*Mgeni yu barazani, hodi anatubishia...*

Kwa-kwa.

*Ni mimi tu ninajua...*

"Inua," alisema Kupe. Fundi akainua mkono. "Imeruka palepale. Kwa hiyo hata sindano nyembamba haiupati, kwa sababu mstari haukuzama, umekatika. Shangazi, jioni ile uliposikia, hapa palisemwa nini?"

"Palisemwa..." Shangazi alifumba macho. "*Akikuita kwa jina, nyamaza, kimya tulia.* Ndivyo. Nikasema kichwa kipya kimeupata..." Alifumbua macho akaitazama mashine, kisha santuri, kisha mashine tena. "Lakini sasa mbona haukupatikana?"

"Kabla ya jioni ile uliusikia lini?"

"Wifi akiwa hai. Usiku, akimlaza mtoto."

Hakuna aliyeambiwa amtazame Binti, na wote walimtazama.

"Mke wangu haimbi," alisema Mkwe haraka. "Muulize yeyote! Hajaimba hata kwenye harusi yetu. Mzee alimkataza tangu mdogo."

Binti akaliweka sinia sakafuni kwa uangalifu, vikombe havikulia.

"Nilimletea chai," alisema kwa ile sauti yake ya chini. Ndani ya chumba hicho kila neno lilifika. "Alikuwa amewasha mashine, mkono ukawa unamwelea, hauteremki. Alikuwa analia. Nikamwambia, baba, huo mstari ninao. Nilishawahi kumwambia nikiwa mtoto, akanipiga kofi, akasema ile sauti ni ya mama na nisiiguse. Nikasema labda sasa, kwa kuwa mashine imemkatalia. Nikamwimbia."

"Naye?"

"Akaziba masikio. Akasema wewe si yeye, nyamaza. Nilipokaribia mstari wenyewe akaanza kupiga kelele, sauti yake imekauka kwa kilio haifiki hata mlangoni, ili asiusikie." Alitazama kiti. "Miaka yote hiyo anautafuta, halafu anaupigia kelele. Nikachukua mto. Nikaendelea mpaka mwisho."

Mkwe aliketi sakafuni palepale aliposimama. Kupe alikuwa amesikia watu wengi wakikiri, wengine kwa kelele, wengine kwa kucheka, na hakuna aliyekuwa amemwogofya namna hii. Alimwonya Binti kwa maneno ya sheria, kwamba halazimiki kusema zaidi, na kwamba atakalosema litaandikwa. Binti aliitikia kila sentensi kwa heshima.

"Ulijua fundi anafungwa kwa ajili yako?"

"Nilijua."

Fundi alikuwa bado ameushika mkono wa mashine kwa vidole viwili, anaogopa kuuachia. Kupe akaushika yeye, akaulaza mahali pake. "Nenda kwako, fundi. Mengine nitayamaliza mimi na mkuu." Fundi alitoka kwa mlango wa barazani, kwanza akitembea, kisha wakamsikia akikimbia, akaacha mizani yake na skrubu zake na kila kitu.

Koplo alizichukua pingu juu ya spika. Binti akanyoosha mikono, kisha akairudisha kidogo, akamgeukia Shangazi aliyekuwa analia ndani ya kanga.

"Shangazi, kule barazani mlinisikia?"

"Tulikusikia, mwanangu."

"Mpaka ule mstari?"

"Mpaka ule mstari. Uliimba vizuri sana."

"Ahsante," alisema Binti, akampa Koplo mikono yake.